Namba nane moja, sindano sita: kipimo cha kroshia na amana ya kazi ya mikono

Mwaka jana, mwezi wa Shaaban, maalim wa madrasa ya mtaani kwetu hapa Mwanza alituagiza kofia 24 za kufuma kwa ajili ya watoto wake. Alitaka ziwe nyeupe, za saizi moja, na zifike kabla ya Idi. Tulikuwa wanawake watatu: mimi, wifi yangu na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Tuligawana kofia nane kila mmoja. Nilifuma ya mfano kwa sindano ya kroshia niliyorithi kwa bibi yangu, sindano ya kijivu ambayo ubapani mwake bado inasomeka namba 8. Maalim akaipima ile kofia kwa mtoto, akaridhika. Nikawaambia wenzangu: uzi ni huu, mishono ni 104 kwenye mzunguko, sindano ni namba 8.

Jirani yetu alikwenda Makoroboi, akaomba namba 8, akapewa sindano nene kama kidole cha mtoto. Alipofika nyumbani hakuanza kazi. Alikuja kwangu nayo, akailaza kando ya yangu na kuuliza: "Dada, hizi ni ndugu kweli?" Hazikuwa ndugu. Alitafuta nyingine, akailinganisha na yangu kwa vidole na kwa macho, kisha akaanza kufuma. Kuuliza si ujinga.

Wifi yangu naye alikuwa na pakiti ya sindano aliyoletewa zawadi. Ndani yake mlikuwa na moja iliyoandikwa H-8. Ilifanana na yangu kwa mbali, akaiamini. Alifuma usiku baada ya tarawehe, wiki tatu, na kofia zake zilikuwa nzuri ajabu, mishono yake imelala sawasawa kuliko yangu. Siku mbili kabla ya Idi tulizipanga zote 24 juu ya mkeka. Kumi na sita zilikaa. Nane zilikuwa pana kiasi kwamba zilimfunika mtoto macho.

Tuliketi tukafumua. Anayefuma anajua uchungu wa neno hilo. Katika aya ya 92 ya Suratun-Nahl, Mwenyezi Mungu (SW) anatoa mfano wa mwanamke anayeukata uzi wake vipande vipande baada ya kuusokota ukawa imara, akiwaonya wale wanaovunja ahadi. Usiku ule mfano ule ulikuwa mapajani mwetu. Na ahadi ilivunjika kweli: watoto wanane waliswali Idi bila kofia mpya, wakiwatazama wenzao.

Makala haya nimeyaandika ili lisikupate wewe, msomaji, lililotupata sisi. Jambo lenyewe ni dogo na halimo katika mafunzo mengi tunayopeana barazani. Ni kuelewa namba iliyopigwa chapa kwenye sindano ya kroshia.

Namba nane ni ipi?

Tuliposema "namba 8" sisi watatu tulidhani tumesema kitu kimoja. Kumbe duniani zipo sindano sita zinazoweza kuitwa hivyo, na zote zinaweza kufika katika kikapu kimoja cha mfumaji wa Mwanza.

Ya kwanza ni namba 8 ya Uingereza ya zamani, kama ile ya bibi. Unene wake ni milimita 4.

Ya pili ni H-8 ya Marekani, yenye milimita 5. Hii ndiyo ya wifi yangu.

Ya tatu ni namba 8 ya Marekani pia, lakini ya chuma, kwa uzi mwembamba wa vitambaa vya meza. Hii ni milimita 1.5 tu.

Ya nne ni ya Japani, inayoandikwa 8/0. Nayo ni milimita 5.

Ya tano ni ya Japani pia, ya chuma, ya kazi laini kabisa: namba 8 isiyo na sufuri. Unene wake ni milimita 0.9, haufiki hata milimita moja.

Ya sita ni ile ambayo 8 yake ni milimita 8 hasa. Hii ndiyo aliyopewa jirani yetu, na muuzaji hakukosea, kwani namba iliyoandikwa ilikuwa nane.

Kutoka milimita 0.9 hadi milimita 8 ni karibu mara tisa. Hakuna mwanamke ambaye angekubali kununua kitenge au unga wa sembe kwa kipimo kinachoyumba namna hiyo. Lakini katika kroshia tunakubali kila siku, kwa sababu namba ni ileile na hatuulizi ni namba ya nani.

Kwa nini namba kubwa huwa sindano ndogo?

Jambo la kwanza linalomchanganya mfumaji ni kwamba katika namba za Uingereza za zamani, namba inapopanda sindano inapungua unene. Namba 14 ni milimita 2, namba 11 ni milimita 3, namba 8 ni milimita 4, na namba 4 ni milimita 6. Ukishuka mpaka sufuri unafika milimita 8, na sufuri tatu ni milimita 10.

Sababu yake ni ya kiwandani. Zamani waya ulitengenezwa kwa kuvutwa kupitia tundu la chuma gumu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi tena. Waya uliopita matundu mengi ulitoka mwembamba zaidi, na namba yake ikawa kubwa zaidi. Mwaka 1884 Uingereza iliweka kipimo kimoja cha kisheria cha unene wa waya, na watengenezaji wa sindano za kufumia walihesabu kwa mwelekeo huohuo, kwani sindano nayo ilianza kama kipande cha waya.

Hapa kwetu hesabu hii si ngeni, ila hatujaiunganisha na kufuma. Mwulize mumeo aliyewahi kuezeka nyumba. Anajua kwamba bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, na kwamba fundi anayekuambia "chukua namba kubwa ndiyo imara" anakudanganya. Hesabu ya bati na hesabu ya sindano ya bibi ni za ukoo mmoja.

Mwulize pia mvuvi pale mwaloni Kirumba, au Nansio huko Ukerewe. Katika ndoana za kawaida, ya namba 10 ni ndogo kuliko ya namba 8, na ya namba 8 ni ndogo kuliko ya namba 4. Lakini zikishapita namba 1, ndoana kubwa huandikwa 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba inapopanda ndoana nayo inakua. Wajapani hufuata utaratibu wa namna hiyo katika sindano zao: 2/0 ni milimita 2, 5/0 ni milimita 3, 7/0 ni milimita 4, 10/0 ni milimita 6. Mvuvi wa sangara hawezi kwenda ziwani na ndoana asiyojua namba yake inahesabiwa vipi. Mke wake anayefuma nyumbani naye ana kazi yenye ndoana. Anastahili elimu ileile.

Herufi za Marekani

Wamarekani waliweka herufi pamoja na namba, na kwao namba inapopanda sindano inanenepa. B-1 ni milimita 2.25, E-4 ni milimita 3.5, G-6 ni milimita 4, H-8 ni milimita 5, J-10 ni milimita 6. Ni kinyume kabisa cha Waingereza.

Lakini tahadhari: mwelekeo huo ni wa sindano zao za kawaida, za aluminiamu, plastiki au mbao. Sindano zao za chuma za uzi mwembamba zinarudi kwenye mwelekeo wa zamani. Huko namba 14 ndiyo nyembamba kuliko zote, milimita 0.75, na sufuri mbili ndiyo nene, milimita 3.5. Tena watengenezaji wenyewe hawakubaliani kikamilifu: namba 7 ya chuma katika orodha moja ni milimita 1.65 na katika orodha nyingine ni milimita 1.5. Kwa hiyo hata ukijua nchi, bado hujamaliza kuuliza.

Jedwali la kukata na kuhifadhi

Hapa chini ni unene unaotumika zaidi na majina yake. Kwanza ni milimita, kisha namba ya Uingereza ya zamani, kisha Marekani, kisha Japani. Kistari maana yake nchi hiyo haina sindano ya unene huo katika orodha yake ya kawaida.

Milimita 2: Uingereza 14, Marekani –, Japani 2/0.
Milimita 3: Uingereza 11, Marekani –, Japani 5/0.
Milimita 3.5: Uingereza 9, Marekani E-4, Japani 6/0.
Milimita 4: Uingereza 8, Marekani G-6, Japani 7/0.
Milimita 4.5: Uingereza 7, Marekani 7, Japani 7.5/0.
Milimita 5: Uingereza 6, Marekani H-8, Japani 8/0.
Milimita 5.5: Uingereza 5, Marekani I-9, Japani 9/0.
Milimita 6: Uingereza 4, Marekani J-10, Japani 10/0.

Tazama mstari wa milimita 4.5. Hapo ndipo Mwingereza na Mmarekani wanapokutana: wote wanasema 7. Kuanzia hapo mmoja anapanda na mwingine anashuka, hatua kwa hatua. Ndiyo maana kati ya milimita 4 na milimita 6 ukijumlisha namba zao mbili unapata 14 kila mara: 8 na 6, 7 na 7, 6 na 8, 5 na 9, 4 na 10. Mfumaji asiye na jedwali mkononi anaweza kukumbuka hiyo 14 tu. Ukiwa na namba ya Uingereza, itoe katika 14, utapata ya Marekani. Lau ningalijua hilo mwezi wa Shaaban, ningalimwambia wifi yangu atafute 6 katika pakiti yake, siyo 8. Hesabu hiyo isitumike nje ya mipaka niliyoitaja, maana huko haishiki vizuri.

Uzi nao una namba zake

Sisi wa kanda hii hatuna ugeni na pamba. Usukuma ni nchi ya pamba, mbegu zake zimefanyiwa utafiti Ukiriguru kwa miongo mingi, na hata timu ya mpira ya Mwanza imebeba jina hilo. Lakini tukishika donge la uzi wa vitambaa tunasoma namba 10, 20, 40 au 80 bila kujua zinasema nini.

Nazo zinakwenda kinyume. Katika hesabu ya zamani ya Uingereza ya uzi wa pamba, walihesabu ni mafungu mangapi ya yadi 840 yanayotoka katika ratili moja ya pamba. Uzi mwembamba hutoa mafungu mengi, hivyo namba yake ni kubwa. Uzi wa kroshia unafuata mwelekeo huo: namba 10 ni mnene kuliko namba 20, na namba 80 ni kama unywele.

Kwa kufuma vitambaa vya meza na makochi, uzi namba 10 unapatana na sindano ya kati ya milimita 1.25 na 1.75. Namba 20 unapatana na milimita 1 hadi 1.5. Namba 40 unahitaji takriban milimita 1. Uzi mnene wa sweta za watoto wachanga ndio unaoingia kwenye milimita 3 hadi 5. Ukichanganya, yaani uzi mwembamba kwa sindano nene, kitambaa kitalegea kama wavu. Ukifanya kinyume, kitakuwa kigumu kama ubao na mkono utauma.

Sindano isiyo na namba

Wengi wetu tuna sindano ambazo chapa imefutika kwa miaka, au zilizochongwa na fundi, au zilizonunuliwa moja moja bila pakiti. Kipimo chake kinapatikana nyumbani.

Kwanza jua pa kupima. Sindano ya kroshia ina mdomo wenye ndoana, kisha shingo nyembamba, kisha shina la duara, kisha ubapa wa kuweka kidole gumba, kisha mshikio. Unene unaohesabiwa ni wa shina, kati ya shingo na ubapa, kwa sababu mshono hulala pale na kupata ukubwa wake. Ukipima shingo utapata kidogo kuliko ukweli, na ukipima mshikio utapata kingi.

Njia ya kwanza ni kipimo cha mafundi chenye meno mawili kinachobana kitu na kuonyesha milimita. Mafundi wa gereji na wachongaji wa vyuma wanacho. Mpelekee sindano zako zote siku moja, kisha andika kila namba kwenye kipande cha plasta na uibandike kwenye mshikio.

Njia ya pili ni karatasi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe mara moja kwenye shina, ukaze, uweke alama pale ncha inapokutana na mzunguko, kisha unyooshe na upime kwa rula. Gawa kwa 3.14. Ukipata milimita 9.4, sindano ni ya 3. Ukipata 12.6, ni ya 4. Ukipata 15.7, ni ya 5. Ukipata 18.8, ni ya 6. Tofauti ya milimita moja ya unene inakuwa zaidi ya milimita tatu kwenye karatasi, kwa hiyo hata jicho lililochoka linaiona. Kwa sindano nyembamba za chuma njia hii haitoshi, nenda kwa fundi.

Njia ya tatu ndiyo niipendayo, na inawafaa wanaofuma kwa kikundi. Chukua kipande cha ubao mgumu au plastiki nene, umwombe fundi seremala akitoboe kwa drili yake matundu ya milimita 2, 2.5, 3, 3.5, 4, 4.5, 5, 5.5 na 6, na aandike namba kando ya kila tundu. Tundu la sindano yako ni lile ambalo shina linapita bila kulazimishwa na bila kucheza. Ubao mmoja unatosha mtaa mzima, na unaweza kukaa ukutani pale mnapokutana.

Jaribu kabla ya kuahidi

Hata sindano zikiwa sawa kabisa, mikono haiko sawa. Yupo anayevuta uzi kwa nguvu na yupo anayeulegeza. Kwa hiyo baada ya kupima sindano, pima mkono. Fuma kipande cha mraba chenye urefu wa zaidi ya sentimita 10 kila upande, kilaze mezani bila kukivuta, uhesabu mishono iliyomo ndani ya sentimita 10.

Nitaeleza kwa hesabu ya kofia zetu. Kichwa cha mtoto tuliyempima kilikuwa na mzunguko wa sentimita 52. Kwa sindano ya milimita 4 na uzi wetu, nilipata mishono 20 katika sentimita 10. Hivyo kofia ilihitaji mishono 104. Wifi yangu, kwa sindano ya milimita 5 na uzi uleule, alikuwa akipata mishono 17 katika sentimita 10. Mishono yake 104 ikatoa sentimita 61. Sentimita tisa za ziada kwa tofauti ya milimita moja! Na kama angetumia sindano nyembamba akapata mishono 24, kofia ingekuwa sentimita 43, isiyomwingia hata mdogo wake.

Kipande kile cha mraba humchukua mfumaji mzoefu chini ya saa moja. Sisi hatukukifuma, tukapoteza wiki tatu za mtu mmoja. Uzi nao ukifumuliwa haurudi kama ulivyokuwa. Huota vinyweleo na kupoteza mng'aro.

Akigundua mkono wake unalegeza, mfumaji asijilazimishe kukaza, kwa kuwa mkono utarudi kwenye tabia yake anapochoka. Abadili sindano: nusu milimita chini, ajaribu tena. Namba iliyoandikwa kwenye maelezo ni mahali pa kuanzia. Kinachoamua ni idadi ya mishono.

Majina ya mishono

Siku hizi mabinti zetu wanapata maelezo ya kufuma kwa simu, mengi kwa Kiingereza. Wajue kwamba Mwingereza na Mmarekani wanatofautiana pia katika majina ya mishono. Mshono mfupi kabisa wa kawaida Mmarekani anauita wa moja, na Mwingereza anauita wa mbili. Mshono mrefu unaofuata Mmarekani anauita wa mbili, na Mwingereza anauita wa tatu. Anayefuata maelezo ya Mmarekani kwa masikio ya Mwingereza atafuma kitu kifupi kuliko kinachotakiwa. Alama rahisi ni hii: maelezo yakitaja mshono wenye kifupi "sc", ni ya Marekani, kwani Waingereza hawana mshono wa jina hilo.

Kipimo ni amana

Huenda mtu akasema haya ni mambo madogo ya wanawake na nyuzi zao. Sivyo. Mwaka 1845 viazi vilipoanza kuoza mashambani Ireland na njaa kubwa ikafuata, familia nyingi zilinusurika kwa lesi za kroshia zilizofumwa na wanawake na wasichana na kuuzwa nje. Sindano moja na uzi vilileta chakula pale shamba lilipokataa. Hapa ziwani nako, samaki wanapoadimika, kuna nyumba ambazo ada ya shule hutoka kwenye kikapu cha mama.

Na dini yetu imeipa kazi hii heshima. Bibi Aisha (RA) amesimulia kwamba Mtume (SAW) aliwaambia wake zake kuwa atakayetangulia kumfuata ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wakipimana mikono yao. Alipofariki Bibi Zainab bint Jahsh (RA) wa kwanza miongoni mwao, ndipo walipofahamu maana: alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na kutoa sadaka. Neno lilikuwa moja, kipimo walichodhani kilikuwa kingine.

Nayo sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo: wakipokea wanataka kijae, wakitoa wanapunguza. Wafanyabiashara wa mizani tunawaona wakikaguliwa na Wakala wa Vipimo. Sindano zetu hakuna anayezikagua ila nafsi zetu. Mteja aliyelipia kofia ya sentimita 52 ana haki ya sentimita 52. Aliyeagiza sweta ya mtoto wa miezi mitatu ana haki imwingie akiwa na miezi mitatu. Kosa letu halikuwa la kukusudia, na Mwenyezi Mungu ni Mwenye kusamehe. Lakini kosa lisilokusudiwa likirudiwa baada ya kujua, linaanza kuitwa uzembe.

Kwa hiyo mnapopokea kazi ya kikundi, kubalianeni mambo matatu kabla ya kugawana uzi. Tajeni sindano kwa milimita, si kwa namba wala herufi. Andikeni idadi ya mishono katika sentimita 10. Na kila mmoja alete kipande chake cha majaribio, kilazwe juu ya cha wenzake, kabla hajaanza. Ukienda dukani, beba sindano yako ya mfano au uulize milimita. Pakiti nyingi za siku hizi zimeandikwa hivyo.

Kofia nane zilizobaki tulizikabidhi siku kumi baada ya Idi. Wifi yangu alizifuma zote mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na hakutaka malipo yake. Maalim alimlipa hata hivyo. Mwaka huu ametuagiza kofia 30. Safari hii ubao wenye matundu umetundikwa ukutani kwa wifi yangu, karibu na mlango, na hakuna sindano inayopita pale bila kuingizwa tunduni kwanza. Ile ya bibi nayo iliingizwa. Ikapita kwenye tundu la 4, bila kucheza.